Breakpoint: Hukumu ya Wiki ya Kwanza

Kuna gemu ambazo hukumu yake hutoka kabla nusu ya watu hawajamaliza kuzipakua. Tom Clancy's Ghost Recon Breakpoint ni mojawapo. Ilitoka tarehe 4 Oktoba 2019, na kufikia mwisho wa mwezi huohuo kesi ilikuwa imefungwa. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, iliangukia chini ya 60 kwa 100, ilhali iliyoitangulia, Wildlands ya 2017, ilikuwa imezunguka 70. Tarehe 24 Oktoba, Yves Guillemot, mkuu wa Ubisoft, aliwaambia wawekezaji kwamba mauzo yalikuwa ya kuvunja moyo, na gemu nyingine tatu za kampuni zikaahirishwa. Muulize mtu leo kuhusu Breakpoint, atakupa jibu la Oktoba ile: takataka, achana nayo.

Wahakiki walikuwa sahihi. Shida ni kwamba usahihi wao hautusaidii sana sisi tunaonunua gemu zikiwa zimepoa, kwa sababu gemu waliyoihukumu siyo tunayoipata, na kosa ambalo sisi tunalihisi kwanza kabisa halikuwa kiini cha kesi yao.

Tuwape haki yao kwanza. Tangu 2001, Ghost Recon imekuwa gemu ya mbinu kuliko ya mbio. Risasi moja au mbili zinatosha kukumaliza, kwa hivyo unapanga kabla hujafyatua: unalala chini, unahesabu walinzi, unawagawia wenzako kazi. Wildlands ilikuwa imeshalegeza kamba kiasi. Ilikuachilia kwenye Bolivia ya kubuni inayotawaliwa na genge la kokeini, jambo lililoifanya serikali ya Bolivia yenyewe ilalamike kwa ubalozi wa Ufaransa. Lakini bado ulikuwa na wenzako watatu, na bunduki ilikuwa bunduki tu.

Breakpoint ilianza na wazo zuri kuliko hilo. Kwenye visiwa vya Auroa, mahali pa kubuni katika bahari ya Pasifiki, kampuni ya Skell inaunda droni. Droni hizo zinatekwa, helikopta za makomando zinaangushwa, na Nomad, ambaye ndiye wewe, anaamka msituni akiwa majeruhi. Anayekuwinda ni Walker, askari mliyewahi kupigana bega kwa bega, na sura na sauti yake ni za mwigizaji Jon Bernthal. Uko peke yako. Jipake tope, funga kidonda, usionekane.

Halafu unafika kwenye maficho, pango linaloitwa Erewhon, na unawakuta wachezaji wengine wamejaa humo wakizunguka na kofia zao za ajabu, kila mmoja akiambiwa kwamba yeye ndiye tumaini lililobaki. Ni kama kwenda arusini ukakuta mabwana arusi ishirini, wote wanapongezwa. Hapo hofu yote uliyojengewa msituni inaisha.

Kisha kuna namba. Kila kofia, glavu na bunduki ilipewa namba ya ubora, na jumla yake ndiyo cheo chako. Ukiokota kofia ya 43, unaitupa ya 42 uliyoipenda. Cha kuchekesha ni kwamba ukimlenga adui kichwani, binadamu wa kawaida anakufa tu hata kama namba yake ni mara tatu ya yako. Sasa namba ni za nini? Kwa kiasi kikubwa ni za kukufanya uendelee kuokota. Wahakiki waliliona hilo mara moja: huu ulikuwa mtindo wa gemu za aina nyingine, umebandikwa juu ya gemu ya mbinu ili mchezaji asitoke. Duka nalo likathibitisha. Siku za mwanzo lilikuwa linauza hadi pointi za ujuzi kwa pesa halisi. Ubisoft wakaziondoa haraka wakisema ziliwekwa kimakosa. Hata Guillemot, kwenye maelezo yake kwa wawekezaji, alikiri kwamba mambo mapya waliyoyaongeza yalikataliwa vikali na sehemu ya wachezaji.

Kama kesi ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuongeza. Haikuishia hapo. Tarehe 24 Machi 2020 lilitoka sasisho linalokuruhusu kuzima namba zote. Unaweza kujiwekea masharti pia: ubebe bunduki kubwa moja badala ya mbili, bandeji ziwe za kuhesabu, ukibadilisha magazini kabla haijaisha upoteze risasi zilizobaki ndani. Julai mwaka huohuo wakarudishwa wenzako watatu. Kwa wanaopenda aina hii ya mchezo, hayo siyo marekebisho madogo. Ukiicheza hivyo, usiku, mvua ikinyesha, umelala kwenye tope mita chache kutoka kwa doria na bandeji yako ni moja, unaiona ile gemu iliyoahidiwa. Haijawa gemu bora ya mfululizo huu, na mazungumzo bado ni makavu kama ugali wa jana. Ila siyo takataka tena.

Nani aliyetuambia? Kuna walioirudia, lakini alama ile kubwa haikusogea. Metacritic huhesabu alama ya kwanza ya mhakiki, hata chombo kikibadilisha mawazo baadaye. Kwa mnunuzi wa siku ya kwanza, anayelipa bei kamili, hilo ni sawa. Yeye anahitaji kujua kilichomo ndani leo, na mhakiki ana siku chache tu za kumwambia. Mnunuzi wa hapa kwetu mara nyingi ni mwingine. Anangoja bei ishuke, au ananunua diski ya mtumba, au anarithi konsoli ya binamu pamoja na gemu zake. Anafika mwaka mmoja au miwili baadaye, anasoma hukumu ya gemu ambayo haipo tena. Huhitaji digrii kuliona hilo. Mimi mwenyewe sina.

Lakini kuna kitu sasisho za 2020 hazikukigusa. Breakpoint ilikudai intaneti wakati wote, hata ukiwa unacheza peke yako, hata ukiwa na diski mkononi. Wildlands ungeweza kuicheza peke yako bila mtandao. Hii, mtandao ukikatika, unatolewa na kurudishwa kwenye skrini ya mwanzo. Wahakiki wengi walilitaja jambo hili, lakini kama kero, mstari mmoja katikati ya lawama za namba na hitilafu. Ukiwa na intaneti isiyokatika, kweli ni kero. Ukiwa unacheza kwa bando, ni sehemu ya bei. Diski ya bei nafuu inakudai kila siku, na bando likiisha katikati ya doria, msitu wote unazimika.

Namba zingezimwa kwa sasisho, na zilizimwa. Wenzako wangerudishwa, na walirudishwa. Kosa la kumfanya mnunuzi awe mpangaji ndani ya gemu aliyoilipia halikuwa hitilafu. Ulikuwa mpango. Ndiyo maana Desemba 2021, Ubisoft walipotaka kujaribu kuuza vifaa vya NFT, walivileta kwanza Breakpoint. Mojawapo ilikuwa kofia yenye namba yake ya kipekee, na ili uistahili ulitakiwa uwe umecheza saa 600. Namba tulizokuwa tumeruhusiwa kuzizima zilikuwa zimerudi kupitia mlango wa nyuma. Wachezaji wakaichekea mbali, na Aprili 2022 kampuni ikatangaza kwamba haitaongeza kitu kipya kwenye gemu hiyo.

Mpango wa aina hii unaishia wapi, tumeshaonyeshwa. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni hiyohiyo ilizima seva za The Crew, gemu yake ya magari ya 2014, ambayo nayo ilidai mtandao hata kwa anayecheza peke yake. Waliokuwa wamenunua diski walibaki na plastiki. Hakuna alama ya Metacritic iliyowatahadharisha, kwa kuwa alama ile inapima kama gemu inafurahisha wiki hii, haipimi kama itakuwepo.

Jina la lile pango si la bahati nasibu. Erewhon ni riwaya ya Samuel Butler ya 1872, na jina lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya "hakuna mahali," limesomwa karibu kinyumenyume. Watu wa nchi hiyo ya kubuni waliziharibu mashine zao kwa hofu kwamba siku moja zingewatawala. Waandishi wa Breakpoint walijua walichokuwa wakikisema walipowaficha waasi wao humo, mbali na macho ya droni. Ila pango lenyewe linafunguka tu kwa ruhusa ya mashine iliyo mbali, isiyomilikiwa na mchezaji wala na aliyemuuzia diski.

Kwa hivyo ukiikuta Breakpoint kwa bei ya chai na mandazi, na una mtandao wa kuaminika, ichukue. Zima namba, punguza bandeji, ingia msituni usiku. Utafurahi kuliko wahakiki wa 2019 walivyofurahi. Usiihesabu tu kama mali yako. Na sisi tunaoandika kuhusu gemu kutoka huku tuache kunakili alama za wiki ya kwanza. Swali la kwanza tunalopaswa kumjibia msomaji wetu ni dogo: stima ipo, mtandao hakuna, je, itawaka?