Bububu si garimoshi



Juzi nilikaa na wazee pale Mutrah, tukiitazama meli ya watalii ikifunga gati Bandari ya Sultan Qaboos. (Shehena zilihamishiwa Sohar mwaka 2014.) Mazungumzo yakaangukia Unguja, kama kawaida, na mzee mmoja akaitoa ile hadithi: eti Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa garimoshi la Wamarekani.

Hadithi tamu. Nimeisoma pia kwenye vitabu vya watalii, na hata wasomi wenzetu wanaipokea bila kuuliza. Hebu tuulize basi. Reli ile ilianza kazi 1905. Bibi Salme bint Said, yaani Emily Ruete, aliondoka Unguja 1866, na kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin 1886. Humo anaeleza alivyokaa Bububu. Sasa garimoshi gani lilimlilia Bibi Salme? Wapo wanaosema ni mlio wa chemchemi. Hilo halipingani na tarehe, lakini kutopingana si ushahidi.

Simlaumu mzee. Yeye anasimulia, na simulizi yake inaonyesha jinsi reli ilivyowashangaza watu hata ikalimeza jina lililoitangulia. Nawalaumu wanaoiandika kuwa ndiyo asili ya jina, halafu wanaishia kwenye majina mashuhuri tu. Darajani, daraja halipo tena na mkono wa bahari umefukiwa. Mkunazini, Mnazi Mmoja... haya yanajieleza yenyewe bwana, hayatuhitaji.

Ya mashamba je? Mzee yule yule, nilipomwuliza shamba la karafuu la babake, alianza kutaja kipande kimoja kimoja: hiki kwa jina la mti, hiki la kisima, hiki la mtu aliyeanguka mkarafuuni. Wanawe, waliozaliwa hapa Muscat, walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza.

Waayalandi, 1937 hadi 1939, waliwatuma watoto wa skuli kuwahoji wazee wao, na miongoni mwa waliyoandika ni majina ya makonde. Daftari na kalamu tu. Sisi watoto wetu wana simu zinazorekodi, na wazee tunao Mutrah, Ruwi na Seeb.

Mimi nimeshaanza na mzee wangu. Tumefika majina 11, na Ijumaa ameniahidi upande wa bondeni.