Barua ya Jack Trice: Msiishie Nusu

Kuna barua fupi ambayo huwa narudia kuisoma, na inanikera vile watu huinukuu nusu nusu. Iliandikwa tarehe 5 Oktoba 1923, kwenye karatasi ya hoteli mjini Minneapolis, Marekani. Aliyeiandika ni Jack Trice, miaka 21, mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa chuo cha Iowa State. Kesho yake alikuwa anacheza futiboli ya Kimarekani dhidi ya Minnesota, mstari wa mbele. Kama unajua raga, fikiria wale majamaa wa skramu: mpira hawaushiki sana, kazi yao ni kugongana ili wengine wapite.

Mapema kwenye mechi alivunjika mfupa wa bega. Akaendelea kucheza. Baadaye akaanguka chali, akakanyagwa. Kama ilikuwa makusudi, watu bado wanabishana. Tarehe 8 akafa. Barua ilipatikana ndani ya koti lake kabla ya mazishi.

Sehemu inayopendwa kwenye hotuba ni ya mwanzo, anaposema heshima ya watu wake, ya familia na yake mwenyewe iko hatarini. Sawa, ni maneno mazito. Lakini Jack hakuishia hapo. Anageukia kazi: jinsi ya kuinama, kuacha macho wazi, kutodanganywa na mbio za kugeuza. Na hapo sarufi yenyewe inabadilika. Alianza na "mimi", sasa anajiita "wewe", kama kocha anayeongea na mchezaji wake.

Kwangu mimi, hapo ndipo barua ilipo. Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo, na najua vile kijiji kizima kinaweza kukaa mabegani. Usiku kabla ya mtihani huwezi kubeba kijiji. Unajiambia: wewe, soma swali mara mbili. Basi. Jack aliutua mzigo kidogo ili aweze kufikiria kazi ya kesho.

Wanaomkumbuka wamempenda zaidi akiwa na mzigo. Wanafunzi walianza kudai uwanja upewe jina lake miaka ya 1970. Mwaka 1984 chuo kikaleta ujanja: jina lake likapewa sehemu ya kuchezea tu, uwanja wenyewe ukaitwa jina lingine. Ni 1997 ndipo uwanja wote ukaitwa Jack Trice, miaka 74 baada ya kifo chake. Ni heshima kubwa, siikatai. Ila shujaa aliyejitoa mhanga ni rahisi kumpenda, kwa sababu haombi kitu tena. Huyu alikuwa anasomea ufugaji, akitaka kwenda Kusini kusaidia wakulima Weusi. Alikuwa na mipango, bana.

Ukiitafuta hiyo barua, isome mpaka mwisho. Ametia sahihi jina moja tu, Jack, kama mtu anayetarajia kuisoma tena mwenyewe.