Hoja ya Profesa Mazrui Juu ya Bomu la Nyuklia

Mwaka 1979 Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC. Alishauri Afrika ijipatie silaha za nyuklia, ili mataifa makubwa yashtuke na mwishowe wote waziache.

Msomaji, lawama yake ni ya haki: mwenye upanga hana uso wa kumkataza mwenziwe kisu. Lakini dawa yake yatia shaka. Hapa Soin mtu hachomi paa lake ili jirani aogope moto.

Tena hoja hiyo yawatazama watawala. Nasi tuwatazame wataalamu, maana pasipo wao bomu haliundwi. Joseph Rotblat aliacha kazi ya bomu la Marekani mwaka 1944, alipojua kuwa Ujerumani hailiundi. Mwaka 1955 alitia sahihi tamko la Russell na Einstein, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na jumuiya ya Pugwash.

Afrika nayo haikufuata ushauri wa Profesa: Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizo barani, ulianza kutumika mwaka 2009. Basi soma mihadhara hiyo kwa heshima, uipime. Na ukijaliwa kuwa mtaalamu wa fizikia, uliza kwanza kazi yako itatumiwa kwa nini.