Mandhari Bila Msimulizi: Kumbukumbu za Juni huko Lodwar na Kakuma

Sherehe ya kumbukumbu ni utendaji kama ulivyo utambaji wa ngano: ina jukwaa, fanani, hadhira, na kisa ambacho mwisho wake unajulikana na wote. Makala haya yanazichunguza kwa mtazamo huo kumbukumbu mbili za mwezi wa Juni, yaani Siku ya Madaraka na Siku ya Wakimbizi Duniani, kwa kurejelea Lodwar na Kakuma. Hoja yetu ni kwamba katika zote mbili Turkana ni mandhari tu. Haijapewa nafasi ya msimulizi.

Tuanze na Lodwar. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na wenzake watano, akafungwa Lokitaung. Mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, alikozuiliwa hadi 1961. Tarehe 1 Juni, 1963 akawa Waziri Mkuu. Kimsuko, Turkana ni shimo ambamo shujaa hutumbukizwa ili baadaye apande. Joto, ukavu na umbali hutajwa kama vipimo vya ustahimilivu wake. Kinaya ni kwamba Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali. Kilichokuwa adhabu kwa shujaa kilikuwa maskani kwa wenyeji, nao hawamo katika kisa.

Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, inatupa sura nyingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tarehe 20 Juni, iliyokuwa Siku ya Wakimbizi Afrika, ilifanywa na Umoja wa Mataifa kuwa ya dunia nzima kuanzia 2001. Hapa fanani yupo: mkimbizi huimba, hucheza na hutoa ushuhuda. Mwezi huo huo wa Juni, mwaka 2018, kongamano la TEDx lilifanyika kambini. Na tayari Yiech Pur Biel, aliyekulia humo, alikuwa ameshiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio, 2016. Hayo ni mafanikio ya kweli, na mhakiki asiyabeze. Hata hivyo, Mturkana wa Kakuma anatajwa kwa jina la "jamii mwenyeji": jina la kundi lisilo na mhusika hata mmoja.

Yamkini mtu atahoji kwamba Waturkana wana kumbukumbu zao, wala hawaihitaji Juni. Ni kweli. Wao huipa miaka majina kutokana na matukio. Ukame wa mnamo 1980, kwa mfano, huitwa Lopiar. Lakini hoja hii inatuunga mkono. Kama kalenda hiyo ipo, basi msimulizi yupo, na kimya tunachokisikia ni cha jukwaa, si cha jamii.

Kwa kuhitimisha, uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea kuwaendea mafanani wa pwani. Tunawahimiza wanafunzi wa uzamili waende Lodwar na kuuliza: mwaka aliofika mfungwa yule uliitwaje? Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka 1959 sasa ameshapita themanini. Swali hilo halitasubiri Juni nyingi.