Njia Inayoandaliwa Usiku

Anayelala Trapp Family Lodge, hoteli ya familia iliyo vilimani juu ya mji wa Stowe, jimbo la Vermont nchini Marekani, huamka akakuta njia iko tayari. Mifereji miwili imechorwa sambamba juu ya theluji, kila mmoja ukitosha skii moja tu, inapanda kilima na kupotelea msituni. Mgeni anavaa viatu, anabana skii, anaondoka. Sifa zote anaipa theluji. Mimi sifa hizo nampa dereva aliyekesha.

Mchezo huu wa skii si ule wa kuporomoka mlimani. Hapa mtu anasafiri kwa nguvu zake mwenyewe, mikono na miguu, kupanda na kushuka. Ndio alioushiriki Mkenya Philip Boit huko Nagano mwaka 1998, katika kilomita 10 za mtindo huu huu wa mifereji, akamaliza wa mwisho na kumkuta bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri mstarini amkumbatie.

Theluji iliyotoka kuanguka imejaa hewa, ukiikanyaga unazama. Kwa hiyo usiku, wageni wakiwa wamelala, mashine ya minyororo mipana inaingia msituni na taa zake. Nyuma inakokota pipa lenye meno linalozunguka na kuisaga theluji, kisha bamba linaloisawazisha, na mwisho kabisa vyuma viwili vinavyogandamiza mifereji yenye kina cha sentimita chache. Kusaga huko kuna sababu. Chembe zilizovunjwa zikaachwa zimegusana huanza kushikana zenyewe, na baada ya saa kadhaa za baridi njia inakuwa ngumu. Dereva akichelewa hadi alfajiri, fimbo ya kujisukumia ya mtelezaji wa kwanza itabomoa ukingo. Akiwahi wakati bado inaanguka, kazi yake inafukiwa. Akiisaga ikiwa majimaji, na baridi kali ikafuata, asubuhi kuna barafu tupu. Anatoka lini, basi? Hakuna kitabu cha kumjibu. Anachungulia nje, anaikamata theluji kiganjani, anaifinya, anaamua.

Mkono wake mwingine uko kwenye kidhibiti cha vile vyuma viwili. Penye kona kali anaviinua, maana skii iliyonaswa mferejini haigeuki. Penye mteremko mkali anaviinua tena, ili mteremkaji apate nafasi ya kutanua skii na kujizuia. Baada ya kona anavishusha, taratibu, mahali ambapo mguu wa mtu aliyechoka utaipata njia bila kuitafuta. Nimeziangalia sana sehemu hizi za kuinua na kushusha. Humo ndimo unamomtambua fundi: anamfikiria mtu asiyemwona, kesho, akija kwa kasi.

Kazi yenyewe huanza kiangazi. Nyasi za njiani hufyekwa fupi, mawe hung'olewa, maji ya chemchemi huelekezwa pembeni, kwa sababu ardhi iliyosawazishwa huhitaji theluji kidogo kabla haijapitika. Theluji ikiwa bado nyembamba, mashine nzito haitoki. Itachimbua udongo, na theluji yenye udongo hunywa jua na kuyeyuka upesi. Badala yake hutumika pikipiki ya theluji na reki nyepesi.

Akina von Trapp, familia ya waimbaji iliyoikimbia Austria ya Wanazi, walinunua shamba ilipo hoteli hii mwaka 1942. Mwaka 1968 wakafungua kituo cha skii kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha kibiashara cha aina hii Marekani. Jengo la zamani la hoteli liliteketea Desemba 1980, wakajenga jingine. Juu msituni kuna kibanda, Slayton Pasture, ambako mtu hufika kwa skii akapewa supu ya moto.

Mgeni naye ana ufundi wake: nta. Kijani ni ya baridi kali, buluu ya baridi ya wastani, nyekundu ya theluji iliyolowa. Husuguliwa chini ya skii, pale wayo unapokaa tu, tabaka jembamba juu ya tabaka, na kulainishwa kwa kizibo. Skii imepinda kama upinde: ukiuweka uzito wote kwenye mguu mmoja, katikati hugusa theluji, fuwele za theluji zikaing'ata nta, ukajisukuma, ukiuachia, panainuka na skii inateleza. Fuwele mpya zina ncha kali, huhitaji nta ngumu. Za zamani zimeviringika, huhitaji laini. Skii nyingi za kukodi sasa zina magamba badala ya nta, na simlaumu anayezichagua, lakini anakosa kuisoma theluji kwa vidole.

Majira ya baridi ya Vermont siku hizi hukatika katikati kwa mvua. Wa kituo cha skii cha Craftsbury, kaskazini zaidi, walianza mwaka 2018 kujaribu pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont kuhifadhi theluji kiangazi kizima chini ya vipande vya mbao. Kwingine watu hubeba sepetu, wakachota theluji vivulini na kuziba mabaka ya udongo, mita kwa mita, ili njia isikatike.

Kila asubuhi vituo hivi hutangaza njia zipi zimeandaliwa, saa ngapi, na nyuzi za baridi. Jina la aliyeziandaa huwa halimo. Ningependa liandikwe hapo, juu kabisa, kwa herufi kubwa.