Kibao cha redioni si wimbo wa jukwaani

KUNA dhana iliyokita mizizi kwamba anayejua kutunga kibao kikavuma redioni anaweza, bila jasho, kuitungia tamthilia nyimbo zake zote. Mwite msanii mashuhuri, mpe mswada, kisha subiri watu wafurike ukumbini. Dhana hii naipinga. Kibao na wimbo wa jukwaani ni ndugu, lakini kila mmoja ana kazi yake.

Tutazame Marekani, ambako jaribio hili limefanywa mara nyingi. Paul Simon aliandika The Capeman pamoja na mshairi Derek Walcott, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1992. Tamthilia hiyo ilizinduliwa Broadway, New York, Januari 1998. Kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imefungwa, baada ya maonyesho 68 tu. Cyndi Lauper naye, mwimbaji aliyevuma miaka ya 1980, alitunga nyimbo za Kinky Boots, iliyofika Broadway mwaka 2013. Akatwaa Tuzo ya Tony ya muziki bora, mwanamke wa kwanza kuishinda peke yake. Mchezo ukadumu hadi 2019.

Je, Simon alipungukiwa na kipawa? Hata kidogo! Albamu yake ya nyimbo hizo ilitoka hata kabla ya mchezo kuzinduliwa, na ni tamu kuisikiliza. Hapo ndipo penye kasoro. Nyimbo zake nyingi husimulia lililokwisha kutokea. Mhusika huanza kuimba na kumaliza akiwa palepale. Lauper alifanya kazi bega kwa bega na mwandishi wa tamthilia, Harvey Fierstein. Katika wimbo mmoja, wanaume wawili wasioaminiana wanagundua kwamba wote wamelemewa na matarajio ya baba zao. Wimbo unapokwisha, uhusiano wao si ule wa awali. Huo ndio wimbo wa jukwaani: ukiuondoa, hadithi inachechemea.

Hapa kwetu njia imeshafyekwa. Eric Wainaina, aliyetikisa taifa kwa Nchi ya Kitu Kidogo, alitunga Mo Faya, tamthilia inayomhusu mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda. Mwaka 2009 ilionyeshwa New York katika tamasha la tamthilia za aina hii. Kwa hivyo wasiwasi wangu si kama wanamuziki wetu wanaweza. Nauliza hivi: wanapotungia jukwaa kwa Kiswahili, wanajua lugha hii inawadai nini?

Mosi, kuna suala la mkazo. Kwa kawaida Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno barabara. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiwa kwenye ya pili, ni sawasawa. Mahadhi yakivuta silabi isiyostahili, mhusika atakuwa amesema jambo jingine kabisa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, kitenzi chetu hubeba sentensi nzima, na mtenda hukaa mwanzoni. "Nimemuua" ni ungamo. "Amemuua" ni shutuma. Tofauti ni silabi moja isiyo na mkazo, tena iko pale pale ambapo ngoma huanza kunguruma. "Atarudi" na "hatarudi" hutenganishwa na pumzi tu. Ngoma ikiimeza pumzi hiyo, mama aliyekata tamaa anageuka kuwa mama mwenye matumaini!

Kwenye matatu hilo halina neno. Kibao utakisikia mara mia. Neno lililokupita leo utalidaka kesho. Ukumbini mtazamaji husikia mara moja tu. Mimi mwenyewe nimetoka katika maonyesho mengi nikivumisha mahadhi, ila ukiniuliza nani alimsaliti nani, nabaki kubabaika.

Dawa ipo, nayo si ghali. Mtunzi wa muziki aketi na mshairi tangu siku ya kwanza, wala si baada ya mahadhi kukamilika. Washairi wetu wamezoea kupima mizani. Wanajua silabi ipi ivutwe na ipi iachwe ipite. Ala zinyamaze kidogo kitenzi kinapoanza. Nasi walimu tuna deni. Tunawatahini wanafunzi kuhusu dhima ya nyimbo katika tamthilia teule, ilhali nyimbo hizo wamezisoma tu kwa macho, hawajazisikia zikiimbwa. Tuwape vijana wa vyuo na wa tamasha za drama kazi ya kuzitungia mahadhi, kisha tuwaulize waliokaa safu ya nyuma wamesikia nini.

Wakijibu "atarudi" ilhali mswada unasema "hatarudi", basi mtunzi arejee kwenye gitaa lake.