Muwiba wa Karaba

Sinema ya picha za kuchorwa "Kirikou et la sorcière", ya Mufaransa Michel Ocelot (1998), inafaa kutazamwa na jamaa nzima. Wote wanaogopa Karaba muchawi; mutoto Kirikou peke yake anauliza: kwa nini yeye ni mubaya? Kumbe wanaume walimuchoma muwiba wa sumu mugongoni! Kirikou anaung'oa kwa meno yake.

Hapa Kanyaruchinya, ambapo wakimbizi wengi wa vita walifika mwaka 2022, swali lile lina uzito. Lakini wazazi waongeze neno: maumivu yanaeleza ubaya, hayaufuti. Karaba anapona mara moja. Kwetu, mwenye kukosa anapaswa kutubu, kuungama na kutengeneza alichoharibu. Sinema ikiisha, watoto waambiwe hivyo.